Duka Juu, Stoo Chini

Mfanyabiashara wa Ujiji hajawahi kukaa mahali pamoja. Anauza hapa, anaweka mali kule, na kati ya hapa na kule kuna mtu anayekwenda na kurudi na habari: yamebaki magunia mangapi, nani kachukua, nani hajalipa. Kazi yangu ni kumpunguzia mtu huyo safari. Nafunga dishi mbili ndogo, moja kwenye paa la duka na nyingine kwenye paa la stoo, zikitazamana, na kompyuta za pande zote mbili zinasoma leja moja bila waya kuvuka barabara. Watu wananiita fundi wa intaneti, ingawa kazi zangu nyingi hazihitaji intaneti hata kidogo. Ni duka kuongea na stoo yake, basi.

Nimezaliwa Ujiji, na labda ndiyo maana sikujiuliza kwa nini duka liko juu na stoo iko chini mpaka nilipoanza kupima umbali kwa ajili ya kazi. Mita mia nne, mita mia sita, nyingine karibu kilomita nzima. Duka liko barabarani, pale babu wa mwenye mali alipojenga. Stoo iko chini kwenye mwalo, pale maboti yanaposhusha dagaa na madumu ya mawese. Ukitaka kujua nani aliyevitenganisha, muulize ziwa.

Mgeni akipelekwa kwenye mnara wa Livingstone, chini ya miembe, swali lake la kwanza huwa ni maji yako wapi. Anadhani amedanganywa. Hajadanganywa: mwaka 1871, Livingstone na Stanley walipokutana hapa, maji yalikuwa karibu. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaotoa maji yake, Lukuga, upande wa Kongo, jirani na Kalemie ya leo, na miaka ile mlango wa mto huo ulikuwa umezibwa na matope na matete, ziwa likawa limejaa. Mwingereza Verney Lovett Cameron alifika hapo Mei 1874 akakuta mimea imeziba njia. Miaka michache baadaye kizuizi kikaachia. Edward Hore, baharia wa Misheni ya London aliyekuwa na makao Ujiji, alipokwenda kutazama mwaka 1879 alikuta maji yanatoka kwa nguvu. Kufikia katikati ya miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kama mita 10. Bandari ya Kigoma ina kina, hasara yake haikuwa kubwa. Ufuko wa Ujiji umelala kama sinia. Hapo mita 10 za kushuka ni mamia ya mita za nchi kavu.

Nyumba zikabaki, maji yakaenda zake. Kuhama nako haikuwa kazi nyepesi, maana msikiti uko pale, makaburi ya wazee yako pale, na njia ya msafara ya kwenda Tabora inapita mlangoni. Nionavyo mimi, hapo ndipo duka na stoo za Ujiji zilipoachana: mtu alibaki juu na wateja wake, mali ikafuata maji.

Lakini tabia ya kufanya biashara pande mbili ni ya zamani kuliko kushuka kwa ziwa. Wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipoingia Ujiji Februari 1858 walikuta Waarabu na Waswahili wameshafika kitambo, na Ujiji kwao ilikuwa kituo tu. Pembe za ndovu na watumwa walitoka ng'ambo, nguo na shanga zilitoka pwani. Mwinyi Kheri, aliyekuwa mkubwa wa wafanyabiashara wa hapa katika miaka ya 1870 na ambaye Sultani Barghash wa Zanzibar alimtambua kuwa liwali wake mwaka 1881, alikuwa na watu wake mpaka Uvira, kaskazini kabisa mwa ziwa. Mtaji wenyewe ulikuwa Zanzibar, kwa matajiri wa Kihindi kama Taria Topan, waliokopesha nguo na shanga wakangoja miaka bila kujua mali imefikia wapi. Msafara uliokwenda vizuri ulitumia miezi mitatu kutoka pwani. Wa Burton ulitumia zaidi ya saba.

Soko la Ujiji lenyewe lilikuwa na akili yake. Cameron anaeleza kuwa fedha ya hapa ilikuwa shanga zinazoitwa sofi, kama vipande vya shina la kiko vilivyovunjika. Soko likianza unabadilisha mali yako upate sofi, likiisha unazirudisha kwa wavunja fedha upewe mali nyingine. Hesabu inafungwa siku hiyo hiyo, mbele ya macho. Ugumu ulikuwa kwa mali iliyo mbali na macho.

Hapo ndipo nakuja kwa Livingstone, na naomba nisieleweke vibaya. Kisa chake husimuliwa kama kisa cha Mzungu mgonjwa aliyekutwa na Mzungu mwenzake. Mimi nakisoma kama kisa cha stoo. Kaimu balozi wa Uingereza Zanzibar, John Kirk, alikuwa amemtumia shehena ya mali imngoje Ujiji, chini ya mtu aliyeitwa Sherifu. Livingstone alikuwa Manyema, magharibi ya ziwa, kwa muda mrefu. Aliporudi Oktoba 1871 alikuta stoo tupu. Anaandika kwamba katika yadi 3,000 za kitambaa haikubaki hata yadi moja, na katika ratili 700 za shanga haukubaki hata uzi mmoja. Sherifu, kwa maelezo hayo hayo ya Livingstone, alijitetea kuwa alipiga ramli kwa Kurani ikamwambia mwenye mali amekufa.

Wizi, bila shaka. Ila jiulize: huyu Sherifu angejuaje kuwa mwenye mali yu hai? Barua zilikuwa hazifiki. Mzigo wa barua ambazo Livingstone alizitoa Ujiji mwaka 1869 ulipotelea njiani karibu wote, na yeye mwenyewe aliamini kuwa wafanyabiashara hawakutaka yale aliyoyaona kuhusu watumwa yafike pwani. Za kutoka pwani nazo zililala njiani. Stanley, yule Mzungu mwenzake, alipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, alimkuta mjumbe aitwaye Kaif Halek amekwama pale na kifurushi cha barua za Livingstone, kimeandikwa tarehe 1 Novemba 1870. Akaondoka naye. Kifurushi kikamfikia mwenyewe Ujiji tarehe 10 Novemba 1871, kwa hesabu ya Stanley. Zaidi ya mwaka mzima, na katika mwaka huo mwenye mali hakuwa na njia ya kusema "nipo", wala mwenye stoo hakuwa na mtu wa kumwogopa.

Waya ulikuja na Wazungu wengine. Simu ya maandishi ya Cecil Rhodes, iliyokusudiwa kutoka Cape mpaka Cairo, ilifika Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20 ikaishia hapo hapo, haikwenda mbele tena. Ilikuwa waya wa serikali na makampuni. Muuza mawese haukumhusu. Kilichomhusu ni reli. Tarehe 1 Februari 1914 reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam, kilomita 1,250 hivi, ilifika ziwani, lakini ilifika Kigoma na si Ujiji, kwa sababu Kigoma ina ghuba yenye kina na kinga ya upepo. Mwaka uliofuata, mwezi huo huo wa Februari, meli Goetzen, iliyoletwa kutoka Papenburg vipande vipande ndani ya makasha yapatayo 5,000, ilishushwa majini pale pale Kigoma. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 tunaijua kama Liemba.

Ujiji ikabaki na watu, Kigoma ikachukua mzigo. Aliyekuwa na uwezo akafungua duka la pili Kigoma, kilomita nane hivi kaskazini, na kuanzia hapo maisha ya wafanyabiashara wetu yamekuwa ni barabara hiyo moja. Wabelgiji walikuwa na namna yao ya kumaliza shida hii, na kwa kweli naihusudu. Kwa mkataba wa Machi 1921 Waingereza waliwapa uwanja mmoja Dar es Salaam na mwingine Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mali ya Kongo iingie upande mmoja na kutokea upande wa pili bila ushuru wa Tanganyika. Stoo mbili, mwenyewe mmoja, na kati yake reli nzima ikipitisha mabehewa ambayo hakuna wa kuyafungua. Ukiniuliza kiungo kizuri cha biashara kinatakiwa kiweje, nitakwambia ni hicho: kinapita kwenye ardhi ya watu na hakuna anayekigusa.

Watu wa kawaida walikuwa na baiskeli. Baba yangu alianza maisha hivyo, kijana wa kutumwa wa duka moja la vitenge Kigoma. Asubuhi anapewa kikaratasi kilichokunjwa mara nne, anapanda baiskeli mpaka Ujiji, anampa karani wa stoo, anasubiri majibu nyuma ya kikaratasi kile kile, anarudi. Hakujua kusoma, na ndiyo sababu aliajiriwa. Mwenye duka hakutaka mjumbe anayejua bei. Baba alijifunza kusoma kwa vikaratasi hivyo hivyo, kwa siri, na alipoacha kazi alikuwa anajua wateja wote wakubwa na nani anadaiwa nini. Akafungua genge lake. Hii alikuwa akiisimulia kwa kicheko, lakini kicheko cha mtu aliyeshinda kesi.

Simu ya mezani ilikuwepo, ndiyo. Ilikuwepo kwenye ofisi na kwa wachache. Wengine walikwenda posta, wakaandika namba, wakakaa kwenye benchi.

Mimi nilichukua nafasi ya baba kwa namna nyingine. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, wakimbizi wakamiminika. Mwaka 1996 vita ikawaka Kivu, upande wa Kongo, wakaja wengine kwa maboti. Kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwishoni mwa mwaka huo, Lugufu mwaka uliofuata, na Kigoma ikajaa mashirika. Shirika mojawapo likaniajiri opereta wa simu ya upepo. Chumba kidogo, meza, betri mbili za gari chini ya meza, na juu ya paa waya umetandikwa kati ya nguzo mbili kama kamba ya kuanikia nguo. Mchana tunapanda masafa ya juu, usiku tunashuka, kwa sababu sauti hiyo haiendi moja kwa moja. Inapaa, inagonga anga ya juu, inarudi chini mbali, na anga la usiku si la mchana.

Huwezi kuwa opereta usisikie ya watu. Upande wa Kongo kila mji ulikuwa na foni, chumba cha mtu mwenye redio kama yangu, watu wanapanga foleni, wanalipa, wanaongea na Bukavu, Uvira au Kalemie. Ukizungusha kitufe unawapata. Kila mwenye redio ziwa zima anasikia, kwa hiyo wafanyabiashara walisema kwa mafumbo. "Mgonjwa amelazwa, vitanda ishirini, daktari anataka chai." Hayo ni makasha ishirini yamezuiliwa ushuruni. Baada ya miezi michache nilikuwa najua bei ya kitenge Kalemie kabla ya maduka ya Mwanga, Kigoma mjini, na kuna mama mmoja wa vitenge aliyegundua hilo. Akawa ananipitia jioni. "Fundi, wagonjwa wanaendeleaje huko?" Sikumwambia kitu, nilikuwa nimekula kiapo cha kazi. Ila nadhani alinisoma usoni, maana mali yake haikudoda.

Simu za mkononi zilipotufikia, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mafumbo yakaisha. M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008 hata kijana wa kubeba fedha akapoteza kazi. Watu wakasema sasa yamekwisha. Hayakwisha, na sababu yake ni ile ile ya Sherifu. Simu inakuletea neno la mtu. Unampigia karani wa stoo, anakwambia magunia sitini, nawe unaandika sitini. Kama ni hamsini na nne, utajua siku ya kuhesabu. Mashine za risiti, EFD, zilipoanza kuletwa na mamlaka ya mapato, TRA, kuanzia 2010, wenye maduka wakazoea kuona mauzo yao yamechapwa kwenye karatasi, na wengine wakaanza kuuliza: kama ninaona ninachouza, kwa nini sioni nilichonacho?

Hapo ndipo nilipoanza kupanda mapaa. Mpango ni mwepesi kuueleza. Dishi moja inatoa, nyingine inapokea, kwa masafa ya gigahezi 5.8, na kila moja inakula umeme kidogo kuliko taa ya sebuleni. Stoo ina kompyuta au simu tu, mali ikiingia inaandikwa, na duka linaona papo hapo. Ukitaka, unaongeza kamera mlangoni. Lakini mawimbi haya hayana tabia ya yale ya simu ya upepo. Hayapai wala hayarudi. Yanataka kuonana macho kwa macho. Wala haitoshi kuonana kwa uzi mwembamba. Kwa umbali wa mita 400, katikati ya njia unahitaji uwazi wa zaidi ya mita mbili kila upande wa mstari, la sivyo nguvu inapungua ingawa kwa macho unaiona dishi ya pili.

Na Ujiji kuna miembe. Hakuna mji mwingine ninaoujua ambao historia yake imesimama katikati ya njia ya mawimbi namna hii. Miembe iliandamana na njia ya misafara, na iliyokua ikakua kweli kweli. Jani la mwembe ni nene, na likilowa linameza mawimbi. Kiangazi kiungo kinakwenda vizuri, mvua za Novemba zikianza mwenye duka anapiga simu: fundi, stoo imepotea.

Kazi moja ilinipeleka kwa mzee mwenye mwembe. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu: tawi moja likikatwa, kila kitu kinapita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye unayetaka kukata mwembe wangu ili upepo upite?"

"Tawi moja tu, mzee."

"Mwembe huu umewaona Wajerumani wakija, umewaona wakikimbia. Leo ukatwe kwa ajili ya magunia ya dagaa?"

Hakukubali, na sikumlaumu. Akaleta wazo mwenyewe: paa lake liko juu kuliko la duka, na kutoka hapo ziwa lote linaonekana. Tukaweka bomba la chuma la mita sita juu ya nyumba ya mzee, dishi mbili juu ya bomba, moja inatazama duka na moja inatazama stoo, na waya wa ardhi mnene kwa sababu radi za huku hazina utani. Badala ya kodi, mwenye duka anamtumia mzee umeme wa LUKU kila mwezi.

Kiungo kikawa imara, mvua na jua. Isipokuwa kila Ijumaa kabla ya adhuhuri kilikuwa kinakatika kwa dakika kama kumi na tano. Nilibadilisha waya, nikabadilisha kifaa cha umeme, nikalaumu joto. Mwisho nikaenda kukaa sebuleni kwa mzee siku ya Ijumaa. Mjukuu wake alikuja na kanzu, akachomoa plagi ya mtambo wangu, akachomeka pasi. Nilicheka peke yangu. Tulitumia miaka mia na hamsini kumtoa mtu wa katikati, na sasa tumemlipa kabisa kwa LUKU. Niliongeza soketi ya pili. Lakini mzee ameshajua nguvu aliyonayo, na mwezi umeme wake ukichelewa, stoo inapotea hata kama hakuna kanzu ya kupiga pasi.

Karani wa stoo hiyo alikuwa mkali kwangu mwanzoni. Aliona dishi kama tusi. Alikuwa amekaa na funguo zile miaka na miaka, na hajawahi kukutwa na upungufu. Leo ndiye mtetezi wangu mkubwa, kwa sababu ambayo sikuitegemea: siku magunia yalipopungua, leja ilionyesha yalipungua dukani, kwa ndugu wa mwenye mali, si kwake.

Kuanzia mwaka 2020 ziwa limepanda tena. Maji yaliingia mialo na majengo ya ufukweni, Kibirizi na huku kwetu, na baadhi ya stoo zimepandishwa juu kufuata barabara. Kwa mbili kati ya hizo nimeshusha dishi na kuvuta kebo ya kawaida, kazi ya saa chache isiyo na fedha. Nyingine zimebaki chini, na wenyewe wananiomba ninyanyue vifaa tu, juu zaidi ya ukuta.

Yule mama wa vitenge naye ametajirika, ana maduka mawili Mwanga na stoo Katubuka, zote nimeunganisha mimi. Juzi aliniita, akanikalisha, akaagiza soda.

"Fundi, niunganishie na Kalemie."

Nikamweleza. Kutoka Kigoma mpaka Kalemie ni kama kilomita 130 za maji. Dunia ni ya mviringo, na kwa umbali huo tumbo la ziwa linainuka katikati karibu mita 250 juu ya mstari. Itabidi tupande milimani pande zote mbili, tujenge minara, tuombe leseni za nchi mbili, na bado maji yenyewe yanarudisha mawimbi ovyo. Nikamtajia gharama kwa makadirio ya chini.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua simu yake mezani.

"Basi acha. Kule yuko mtoto wa dada yangu."

Akampigia, akaanza kumuuliza amebakiwa na majora mangapi, huku akiandika kwenye daftari.